Kamera imeandikwa mita 15, mbona imeingia maji kwenye mita 8?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa vijana wanaopiga picha matumbawe upande wa Malindi, kila mwezi vichwa vilevile, ili tuone vinavyobadilika. Kikundi chetu kilichanga mwaka mzima tukanunua kamera ndogo isiyopitisha maji, imeandikwa mita 15. Safari ya tano iliingia maji tukiwa mita 8 tu, na dakika ishirini zilikuwa hazijaisha. Sikuwahi kuiangusha. Mlango niliufunga mwenyewe, nikausikia ukilia. Wengine wanasema tuliuziwa bandia, wengine wanasema kamera hizi ni za kuogelea tu, si za kuzamia kwa mtungi, na mwingine anasema nilikuwa nauchezesha sana mkono ndani ya maji. Niliiweka kwenye mchele siku tatu, haikuwaka. Sasa tumepata pesa kidogo tena. Tununue ile ya mita 30 iliyokwisha kutumika, tununue kama ya kwanza pamoja na kasha lake, au tuachane na jambo hili? Mwezi huu nimeanza kuzamia mpaka mita 18. Kusema kweli naogopa kushika kamera ya watu tena."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na iliyonishika ni ile sentensi ya mwisho. Basi nianze hapo. Kwa jinsi ulivyoeleza, hukuzembea. Ulifunga mlango, ukausikia, ukazama nusu ya kina kilichoandikwa. Wengi wanaoniletea kamera zilizokufa walifanya hivyohivyo, na wengine wana miaka mingi baharini kuliko wewe. Kilichokosekana ni mtu wa kukueleza mapema ile 15 ina maana gani, na ule mlio wa mlango unathibitisha nini. Nitayaeleza yote mawili, kisha tuje kwenye pesa za kikundi.

Kipimo cha mita 15 huchukuliwa kwa kamera mpya, kwenye maji matamu yaliyotulia, kwa muda uliopangwa. Utaratibu wa kimataifa una ngazi zake. Ngazi ya IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ngazi ya IPX8 inadai tu masharti makali kuliko hayo, na mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetaja kina na muda. Kamera za Olympus Tough, kwa mfano, TG-6 ya mwaka 2019 na TG-7 ya 2023 inayouzwa kwa jina la OM System, zimepewa mita 15 kwa saa moja. Lakini vijitabu vyake havikuishia hapo. Vinasema pia kwamba mpira wa mlango ubadilishwe kila mwaka, na kwamba kamera ikishapata kishindo, hawaahidi tena kuwa haitaingia maji. Maneno hayo yako kurasa za ndani, kwa herufi ndogo, na muuzaji hayasomi kwa sauti. Ile 15 iliyo usoni mwa kamera ndiyo inayosomwa na kila mtu.

Kwa hiyo namba ile ilikuwa ya kamera kama yako siku ilipotoka kiwandani. Ya kwako hupata namba yake upya kila unapofunga mlango.

Ichukue ile iliyokufa, fungua mlango wa betri, uangalie ukingoni. Utaona mpira mwembamba umezunguka, na upande wa pili ukuta laini wa plastiki. Mlango ukifungwa, mpira na ukuta vinabanana kwenye mstari ambao upana wake haufiki milimita mbili. Bahari yote ya Hindi iko upande mmoja wa mstari huo, na umeme uko upande wa pili. Kama kamera ina milango miwili, mmoja wa betri na kadi, mwingine wa tundu la chaja, basi una mistari miwili ya kulinda. Mlango wa chaja ndio watu husahau kuukagua, kwa sababu wanaufungua usiku wakiwa na usingizi.

Sasa msukumo wa maji. Kila mita moja unayoshuka huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya kilo, yaani gramu mia, kwa kila sentimita mraba. Tuseme mlango wako una ukubwa wa sentimita mraba 10. Kwenye mita 1 maji yanausukuma kwa uzito wa kilo moja, pakiti ya sukari. Kwenye mita 8 ni kilo nane. Kwenye mita 18, unakoshuka sasa, ni karibu debe zima la maji limekaa juu ya kimlango ambacho unaweza kukifunika kwa vidole viwili.

Msukumo huo, mlango ukiwa safi, ni rafiki. Unaukandamiza mpira kwenye ukuta, na mshiko unazidi kuwa imara jinsi unavyoshuka. Ndiyo maana kamera yenye kasoro kubwa haisubiri kina kirefu. Mlango ambao haukukaa sawasawa huingiza maji hapo juu, katika mita ya kwanza, kabla hujamwona samaki wa kwanza. Ya kwako ilienda safari nne salama, na ya tano ikachukua dakika zisizofika ishirini. Sijaishika mkononi, lakini dalili hizo zinaelekea kwenye njia ndogo sana, nyembamba kama unywele, iliyokuwa ikipitisha maji kidogokidogo tangu mwanzo wa mbizi. Njia kama hiyo kwenye mita 1 hutoa tone. Kwenye mita 8, maji yanayosukuma kwa nguvu mara nane, lile tone linakuwa kijiko.

Njia hiyo hutoka wapi? Nikupe ya kwangu. Niliwahi kupoteza kamera nje ya mwamba siku ya maji mafu, bahari imetulia kama sahani, nikiwa sijafika hata mita 6. Nyumbani niliufungua mlango chini ya lenzi ya kukuzia. Juu ya mpira, pembeni karibu na bawaba, ulikuwa umelala uzi mmoja mwekundu, haufiki urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ulikuwa uzi wa leso. Asubuhi ile niliikausha kamera kwa pembe ya leso iliyokuwa ndani ya boti, nikabadilisha betri, nikafunga, na mlango ukalia vizuri kabisa. Kando ya ule uzi, huku na huku, palikuwa na mistari miwili myeupe ya chumvi. Ndivyo mpira unavyofanya ukikuta kitu: hauwezi kukumbatia uzi pande zote, unaacha upenyo mdogo wa pembetatu kila upande, na maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Sasa fikiria mchanga wetu. Ukienda ufukweni jua likiwa limeinama unauona unavyometameta. Vile vinavyong'aa ni vipande vyembamba, bapa, vinavyonata kwenye ngozi yenye maji hata ukijipangusa. Kimoja kikilala bapa juu ya mpira hukioni kwa macho mpaka ugeuze kamera kwenye mwanga. Kuna pia tope la Sabaki. Mto ukifurika, maji yanakuwa mekundu na ile tope laini inaingia chini ya kila kitufe. Na kuna chumvi yenyewe, ambayo ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko vyote. Kamera isiyosuuzwa vizuri hukauka na vijiwe vya chumvi pembeni mwa mlango. Ukiufungua, vinadondokea kwenye mpira. Ukiufunga tena, vinakwaruza.

Hapo ndipo ule mlio ulipokudanganya. Mlio unakuambia kuwa komeo limeingia kwenye nafasi yake. Komeo lina nguvu ya kufunga juu ya uzi, juu ya chembe ya mchanga, juu ya chumvi, na litalia vilevile. Kuanzia leo, sikia mlio, lakini amini macho.

Kuhusu mkono uliouchezesha, mwambie huyo ndugu kwa heshima kwamba hesabu haimuungi mkono. Maneno haya yameenea sana, hata kwa wazamiaji wazoefu. Mkono unaokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya maji huongeza msukumo unaolingana na sentimita 5 tu za kina. Ukiupeleka mita 3 kwa sekunde, jambo gumu sana chini ya maji, bado haufiki nusu mita. Hukuiua kamera kwa kuwapungia mkono samaki. Kuruka nayo kutoka kwenye boti ni habari nyingine. Maji hukipiga kimlango kwa kishindo kutoka upande, kamera inagonga mtungi, na komeo linaweza kusogea kidogo sana. Kama mnaingia kwa kujipindua kinyumenyume huku kamera ikining'inia mkononi, acheni. Ingia kwanza, jiweke sawa, kisha nahodha au mwenzako akukabidhi kwa mikono miwili. Ukitoka, iwe ya kwanza kutoka majini kabla yako.

Jua nalo lina sehemu yake, ingawa ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kamera nyeusi iliyoachwa juani kwenye boti inaweza kupata joto la nyuzi 45. Ukiizamisha kwenye maji ya nyuzi 28, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta kwa nguvu inayolingana na nusu mita ya maji hivi. Mlango mzima haujali. Mlango wenye uzi unajali. Kero kubwa zaidi ni ukungu: hewa ya pwani imejaa unyevu, ukifunga mlango katikati ya joto la mchana unaufungia unyevu humo ndani, na ukifika chini unaganda kwenye kioo cha lenzi. Kwa hiyo betri ibadilishwe asubuhi, nyumbani, ndani ya chumba kikavu, na mlango usifunguliwe tena mpaka mrudi. Kwenye boti, kamera ikae ndani ya ndoo ya maji, kivulini.

Suala la bandia sitalikataa wala kulikubali bila kuiona kamera. Bandia zipo. Na hata kiwanda kizuri hutoa kamera yenye ufa usioonekana mara mojamoja. Lakini kabla ya kumshuku aliyewauzia, kagua mpira chini ya lenzi ya kukuzia. Ukikuta mstari mweupe wa chumvi unaokatiza mpira kutoka nje kwenda ndani, hapo ndipo maji yalipopita. Usipoukuta popote, kwenye mlango wowote, angalia vitufe na ukingo wa kioo cha lenzi. Hapo madai yenu kwa muuzaji yana uzito. Nikueleze ukweli ingawa hautakufurahisha: dhamana nyingi za kamera hizi hazilipi maji yaliyopitia mlangoni, kwa hoja kwamba mlango hufungwa na mteja.

Sasa zile chaguo zenu.

Ile ya mita 30 iliyokwisha kutumika naijua hamu yake. Nikon Coolpix W300 ya mwaka 2017, kwa mfano, imepewa mita 30, na kwa mtu anayekwenda mita 18 inaonekana kama jibu. Ikiwa mpya ni jibu zuri. Lakini haitengenezwi tena, kwa hiyo mtakayoipata ina mpira wenye umri wa miaka kadhaa, na hamjui imeanguka mara ngapi wala imelala na chumvi kwa muda gani. Mpira hukauka na kubonyea mahali palepale unapobanwa kila siku. Na bado ni mlango uleule mmoja, mstari uleule wa milimita mbili, uzi uleule wa leso. Kwa fedha ya kuchangishana, mimi singeinunua bila mtu kuipima kwanza kwa mashine ya msukumo na kubadilisha mipira yote.

Kuna kamera ambazo hazina mlango kabisa. SeaLife Micro 3.0 imefungwa moja kwa moja kiwandani, inashuka mita 60, picha zinatolewa bila kufungua chochote. Naipenda kwa mtu anayetaka utulivu wa moyo. Kasoro yake ni kwamba betri haibadilishwi. Ikichoka, kamera nzima inarudi kwa mtengenezaji, na kutoka Malindi safari hiyo ni ndefu. Pia lenzi yake haikuzi, na ninyi mnataka kuona tumbawe kwa karibu. Kamera nyingi za GoPro zinashuka mita 10 zikiwa uchi na mita 60 ndani ya kasha lake. Kwa mandhari pana ya mwamba ni nzuri sana, kwa kichwa kimoja cha tumbawe kutoka kiganja kimoja hazitoshi. Simu ndani ya mfuko wa plastiki, tusizungumze.

Ninachowashauri ni kile ulichokitaja katikati: kamera kama ya kwanza, pamoja na kasha. Kwa TG-6 na TG-7 kasha ni PT-059, limepewa mita 45. Namba hiyo inakuweka mbali sana na mita zako 18, lakini sababu yangu kubwa ni kwamba sasa kuna milango miwili kati ya bahari na betri, mmoja ndani ya mwingine. Uzi ukilala kwenye mpira wa kasha, maji yanaingia kwenye kasha, unayaona kupitia plastiki, na kamera ndani yake bado ina mlango wake wenye uwezo wa mita 15. Nimeona kasha limejaa nusu na kamera imetoka hai. Kasha peke yake linaweza kufeli, na kamera peke yake inaweza kufeli. Vyote viwili kufeli siku moja ni nadra. Kwa kamera ya mtu mmoja ningesema ni hiari. Kwa kamera ya watu, na kwa kina cha mita 18 ambako kamera hiyo ikiwa uchi haikuahidiwa kufika, nasema ni lazima. Kama fedha haitoshi vyote viwili, nunueni kamera sasa, mbaki nayo ndani ya mwamba kwenye mita 5 au 6, na kasha lifuate mwakani.

Kasha lina tabia tofauti na mlango wa kamera, na hapa watu huchanganya. Mpira wa kasha, ule fundi wa magari anaouita oringi, hutolewa kwa vidole, si kwa kisu wala sindano, unapanguswa, unapakwa grisi ya silikoni inayokuja nalo. Kidogo sana. Ukimaliza mpira ung'ae tu, usiwe na utelezi unaojikusanya, maana grisi nyingi hukamata mchanga. Mpira wa mlango wa kamera wenyewe haupakwi chochote. Huo unapanguswa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na ukuta wa upande wa pili vilevile, kisha unaugeuza kwenye mwanga na kuupitia polepole kwa macho, kona kwa kona, upande wa bawaba ukiupa muda zaidi. Mara ya kwanza, na kila mara baada ya kulitengeneza, kasha lishushwe tupu, bila kamera, na kipande cha karatasi ya shashi ndani yake. Likirudi na karatasi kavu, mwezi huo lina ruhusa yangu. Tia ndani vile vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila visiguse mpira.

Baada ya mbizi, msikimbilie kufungua. Ndoo ya maji matamu, dakika kumi, mkibonyeza kila kitufe mara kadhaa humohumo ili chumvi itoke chini yake. Nimesema maji matamu kwa makusudi. Visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi, unaisikia kwenye ulimi, na kusuuza kamera kwa maji hayo ni kuipaka chumvi upya. Tumieni ya mfereji, yale yanayotoka Baricho, au ya mvua. Kisha ikaushwe nje kabisa, kivulini, na mlango ufunguliwe ukiwa umeelekea chini ili tone likidondoka lidondokee nje.

Mchele. Mwanangu, wengi wameuamini, na si kosa lako. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayoua. Siku zile tatu kamera ilikuwa ikiliwa polepole: ninapozifungua nakuta kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye miguu ya betri. Ikitokea tena, zima mara moja, usijaribu kuwasha kuona kama bado inafanya kazi, toa betri na kadi, na uisuuze kamera iliyo wazi kwa maji matamu, ndiyo, maji, kisha uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Mara nyingi hata hivyo haiponi, na sitaki kukupa tumaini la uongo. Ile betri iliyoingia maji ya bahari isichajiwe kamwe. Betri za lithiamu zilizoonja chumvi zinaweza kuwaka moto zenyewe baadaye. Iweke nje ya nyumba, mbali na kitu cha kushika moto, mpaka upate pa kuikabidhi. Na kasha lililoingia maji lifunguliwe likiwa limeelekezwa mbali na uso, kwa sababu gesi ya betri inaweza kuwa imejikusanya ndani.

Kuna jambo nalihofia kuliko kamera, na nakuomba ulisome mara mbili. Siku moja utaona viputo vidogo vinatoka kwenye kasha ukiwa mita 18, na moyo utakuambia panda. Usipande mbio. Kamera iliyoingia maji imekwisha ingia maji, na sekunde thelathini hazitaiokoa, lakini zinaweza kukuumiza maisha. Izime, ielekeze lenzi chini, mwonyeshe mwenzako, mpande pamoja, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na ule msimamo wa dakika 3 kwenye mita 5 ufanyike kama siku nyingine yoyote. Kama baada ya mbizi una ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au uchovu usioeleweka, hilo si la kuniandikia mimi. Mwambie mwalimu wako wa kuzamia papo hapo, upewe oksijeni, na upelekwe kwa daktari siku hiyo. Wewe ni mgeni wa mita 18. Mbizi mbili tatu za kwanza shuka bila kamera kabisa, ujizoeze kuelea bila kushika chochote, maana anayetazama kioo cha kamera husahau kipimo cha hewa, na goti lake hutua juu ya tumbawe lilelile alilokuja kulipiga picha.

Njoo na kamera, au umpelekee fundi mwenye mashine ya kupima msukumo, kama imeanguka hata mara moja kwenye kitu kigumu, kama ukungu wa ndani hauondoki baada ya saa moja kivulini, kama kitufe kimoja kinarudi polepole kuliko vingine, au mwaka umepita tangu mpira ubadilishwe. Hayo hayatambuliki kwa barua.

Uliuliza kama muachane na jambo hili. Hapana. Mbuga ya baharini ya Malindi ilitengwa mwaka 1968, na waliouona mwamba wake kabla ya 1998, mwaka bahari ilipopata joto matumbawe yakawa meupe eneo kubwa, wanauelezea kwa mdomo tu kwa sababu waliopiga picha walikuwa wachache mno. Picha ya kichwa kilekile, mwezi kwa mwezi, ni kitu ambacho hakirudi ukikiruka. Kwa hiyo msiutegemeze mradi mzima juu ya mpira wa milimita mbili. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kina mradi uitwao CoralWatch, wenye kadi ya rangi ya matumbawe: unaishika kando ya tumbawe, unalinganisha rangi, unaandika namba kwenye kibao cha plastiki kwa penseli. Haina betri wala mlango. Mwezi kamera ikifa, namba zitakuwepo.

Na kabla hujafanya lolote katika haya yote, ile kadi ya picha ya kamera ya kwanza iko wapi? Hukuitaja. Kama bado imo ndani, itoe leo. Isuuze kwa maji matamu, ipanguse, iache kivulini siku mbili, kisha usafishe vile vipande vyake vya shaba kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo. Usiitie kwenye kompyuta ikiwa na unyevu. Kadi hizi huvumilia maji ya bahari kuliko kamera iliyozibeba, na nimetoa picha kwenye kadi zilizokaa humo muda mrefu kuliko siku zako tatu. Safari zenu zote tano huenda bado zimo.